Mwanagenzi hakukosea

Ni siku nyingi sijaandika hapa. Joto la Lodwar, umeme unaopotea bila kuaga na kazi za wateja vimeniweka mbali na kibodi yangu. Lakini kuna jambo nimelibeba kichwani kwa muda na leo nalitua.

Ni hili la matangazo. Nazungumzia barua pepe na SMS ambazo maduka, benki, mashirika na hata wanasiasa huwatumia watu walio kwenye orodha zao. Wakikosea wanaomba radhi. Mwezi unaofuata wanakosea tena, vilevile. Kama una programu unayoisimamia inayotuma ujumbe kwa watu mia moja au laki moja, naomba unisikilize kwanza, halafu tubishane.

Watu wakisikia "kosa la kutuma matangazo" hufikiria kosa la kidole. Mtu amebonyeza kabla ya wakati, amekosea jina la mteja, ameacha bei ya mwaka jana. Maoni yangu ni kwamba kidole hufichua tu. Kosa lenyewe huwa limeshafanywa zamani, siku orodha ilipotengenezwa na siku mtu alipoamua nani anaweza kuitumia. Ndiyo maana radhi nyingi hazimfundishi mtu chochote. Zinaomba msamaha kwa niaba ya kidole.

Nianze na historia kidogo, maana sisi watu wa programu tunapenda kudhani matatizo yetu ni mapya.

Mei 1978, bwana mmoja aitwaye Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, alitaka kuwaalika watu California waje kuona mashine mpya. Mtandao wa wakati huo uliitwa ARPANET, na watumiaji wake walikuwa wachache kiasi kwamba anwani zao zilichapishwa kwenye kitabu, kama kitabu cha simu. Zikachukuliwa anwani karibu 400 za watu wa upande wa magharibi, zikaandikwa moja moja, wote wakapelekewa barua ileile. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa barua taka ya kwanza duniani.

Sasa sikiliza sehemu inayonichekesha. Programu ya kutumia barua ilikuwa na nafasi ya anwani 320 tu. Zilizobaki zikamwagika ndani ya barua yenyewe! Mtu anafungua mwaliko, anakutana na mlolongo wa anwani za watu asiowajua, kisha ndipo anafika kwenye tangazo. Watu walikasirika na wasimamizi wa mtandao wakatoa onyo.

Barua ile ilikuwa na makosa mawili. La kwanza ni la nafasi kujaa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta anaweza kulirekebisha kabla ya chakula cha mchana. La pili ni kwamba kitabu kilichochapishwa ili watafiti watafutane kiligeuzwa orodha ya soko. Hilo la pili bado tunalo. Kitabu cha wageni getini kipo kwa ajili ya usalama. Daftari la wakala wa M-Pesa lipo kwa ajili ya kumbukumbu za pesa. Ukiona nambari kutoka daftari la aina hiyo zimeingia kwenye jedwali lako la "wateja", wewe na Thuerk ni ndugu, mmepishana miaka tu.

Kisa cha pili ni cha gazeti la New York Times. Tarehe 28 Desemba 2011 gazeti hilo lilitaka kuwaandikia watu wapatao 300 waliokuwa wameacha kuletewa gazeti nyumbani, kuwabembeleza warudi kwa nusu bei kwa wiki 16. Barua ikaenda kwa zaidi ya watu milioni 8. Yeyote anayeandika SQL akisoma habari hiyo jasho humtoka, maana anajua kwamba umbali kati ya 300 na milioni 8 unaweza kuwa mstari mmoja wa WHERE.

Lakini angalia kilichofuata. Jibu la kwanza la gazeti, kupitia Twitter, lilikuwa kwamba barua ile haikutoka kwao na watu waipuuze. Baada ya saa chache wakakiri kwamba ilitoka kwao na aliyeituma ni mfanyakazi wao. Kwa hiyo gazeti, ambalo biashara yake yote ni watu kuamini linachosema, lilisema jambo lisilo kweli kuhusu barua yake lenyewe. Hapo kidole hakihusiki kabisa. Mtu alisema "si sisi" kabla ya kufungua logi.

Na kuna jambo la tatu kwenye kisa hicho ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Wasomaji waliokuwa wakilipa bei kamili kila mwezi, bila kulalamika, walisoma barua ile wakagundua kwamba anayetishia kuondoka hupewa nusu bei. Barua haikuwa na uongo hata chembe. Ilifika tu kwa watu ambao kampuni ilitaka wasijue. Ukiona kwamba barua yako ikifikia mteja wako mwaminifu utaaibika, basi shida iko kwenye barua.

Kisa cha tatu wengi mnakikumbuka. Juni 2021 watumiaji wengi wa HBO Max walipokea barua ya majaribio ambayo ndani haikuwa na kitu zaidi ya sentensi ya kueleza kwamba inatumika kwa majaribio. Kampuni ikaandika Twitter ikiomba radhi, ikasema kwamba ndiyo, alikuwa mwanagenzi, na kwamba wanamsaidia kupita katika hali hiyo. Watu wa kila pembe wakaanza kumwandikia huyo mwanagenzi wakimsimulia makosa yao ya miaka ya mwanzo kazini. Ilikuwa siku nzuri kwenye mtandao, na hizo ni chache.

Nilifurahi kama wengine. Ila swali langu ni moja: kwa nini mazingira ya majaribio yanaweza kugusa anwani za watu halisi? Mwanagenzi hakuziweka pale. Mtu mwenye mshahara mkubwa kuliko wake aliamua, au alikubali kwa kunyamaza, kwamba ufunguo uleule ufungue chumba cha mazoezi na chumba cha kazi. Mwanagenzi alikuwa wa kwanza kuuzungusha. Katika kazi zangu, hifadhidata ya majaribio ina anwani zangu mimi tu, na seva ya majaribio haina njia ya kutoka nje. Kijana aliyeanza kazi jana ajaribu anavyotaka, hataweza kumwandikia mtu yeyote isipokuwa mimi.

Haya, hizo ni hadithi za watu wa mbali wenye intaneti ya kasi. Barua moja ya bure huwagharimu sekunde mbili. Huku kwetu Turkana hesabu ni nyingine, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika.

Wengi wa watu tunaowatumia ujumbe huku hawana barua pepe wanayoifungua. "Aliyejisajili" ni nambari ya simu, na simu yenyewe mara nyingi ni kabambe. Chukua Todonyang. Iko kaskazini kabisa, kando ya Ziwa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia na delta ya mto Omo. Ni mahali pa wavuvi na wafugaji. Mtu akitaka kuchaji simu, analipia. Akitaka mtandao, pengine atembee mpaka pale panaposhika. Akifika hapo simu inalia mara sita mfululizo. Anafungua. Bahati nasibu. Mkopo. Punguzo la sofa Nairobi. Mkopo tena. Betri imeshuka, na ile SMS ya dada yake kuhusu mtoto aliyelazwa Lodwar iko chini ya zote.

Anayetuma hutazama skrini yake na kuona asilimia ya "zimefika" imepanda. Anafurahi. Hakuna safu kwenye jedwali lake inayohesabu ule mwendo.

Na jambo hili si la usumbufu tu. Todonyang imezika watu. Mei 2011 wakazi wengi waliuawa hapo katika mashambulizi ya kuvuka mpaka, na Februari 2025 wavuvi walishambuliwa tena upande huohuo wa ziwa. Mahali kama hapo, taarifa kwamba leo usiende majini hupita kwenye simu ileile inayopokea tangazo la sofa. Kila ujumbe wa ovyo humzoesha mtu kutofungua. Akishazoea, huwezi kumwambia "huu ni wa maana, huu fungua". Ujumbe wote una mlio mmoja.

Kakuma nako kuna somo lake. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutuma sehemu ya mgao wa wakimbizi kwa njia ya simu, mpango ulioitwa Bamba Chakula. Pesa iliingia kwenye laini, na mtu akaenda kununua kwa wafanyabiashara waliosajiliwa. Fikiria SMS ina uzito gani kwa mama anayesubiri ujumbe wa namna hiyo. Sasa fikiria mfanyabiashara anayetuma tangazo lililoandikwa makusudi lifanane na taarifa ya pesa kuingia, "Hongera! Umepokea...", ili tu lifunguliwe. Nimeziona za namna hiyo kwa macho yangu. Waliozituma sitawataja, na wala sitaziita ubunifu wa masoko. Ni kumnyang'anya mtu uwezo wa kutofautisha.

Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na ukijumlisha Kalobeyei jirani yake ina watu zaidi ya laki mbili kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Ukitembea kutoka mtaa mmoja hadi mwingine unasikia Kidinka, Kinuer, Kisomali, Kiarabu, Kiamhari, Kifaransa, Kirundi, na Kiswahili kikiwaunganisha baadhi. Halafu programu inatuma ujumbe wote kwa Kiingereza, pamoja na yale maelekezo ya jinsi ya kujiondoa. Mtu aliyeshindwa kusoma maelekezo hajakubali kubaki. Yeye hajui tu kwamba mlango upo.

Hapa nichepuke kidogo kwa wale wenye programu za SMS, maana hili linawagharimu pesa na wengi hawalijui. SMS moja hubeba herufi 160 kama herufi zote zimo kwenye jedwali la msingi la GSM. Ikitokea alama moja tu isiyokuwamo, ujumbe mzima hubadilika na kubeba herufi 70. Zikizidi hapo, ujumbe hukatwa vipande vya herufi 67. Sasa andika tangazo la mnada wa mifugo kwenye Word, lenye neno ng'ombe. Word huigeuza ile ritifaa iliyonyooka ikawa iliyopinda, kwa urembo. Iliyonyooka imo kwenye jedwali. Iliyopinda haimo. Tangazo la herufi 150 lililokuwa SMS moja linakuwa SMS tatu, na kila mtu kwenye orodha unamlipia mara tatu. Kiswahili kina ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, ng'aa, kwa hiyo kosa hili limetuandama. Dawa yake ni mstari mmoja wa msimbo unaobadilisha ritifaa kabla ya kutuma. Kiarabu na Kiamhari havina dawa hiyo. Vyenyewe ni herufi 70 tangu mwanzo, kwa hiyo panga bajeti yako hivyo na usiwaadhibu watu kwa sababu herufi zao ni ghali.

Turudi kwenye hoja. Sheria ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kanuni zake za mwaka 2021 zinasema wazi kwamba anayetuma matangazo lazima ampe mtu njia ya kujiondoa inayoeleweka, isiyomchukua muda wala juhudi nyingi, na iwe bure au kwa gharama ndogo sana. Sasa linganisha na hali halisi. Ujumbe umetoka kwa jina la kampuni, si nambari, kwa hiyo ukijibu "STOP" jibu lako haliendi popote. Ama umewekewa msimbo mrefu kama *456*9*5# uupige mwenyewe, kisha ufuate menyu. Mimi niliyesomea kompyuta hunichukua muda. Mzee wangu kijijini ataishia kuzima simu.

Aprili 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilizitoza kampuni mbili, Regus Kenya na Whitepath, shilingi milioni 5 kila moja. La Whitepath lilihusu nambari za watu zilizochukuliwa kwenye simu za wengine. La Regus lilihusu ujumbe usioombwa ambao haukukoma. Ninachotaka mkione ni kwamba faini ilikuja baada ya kampuni hizo kutotii notisi ya ofisi hiyo. Yaani walipewa nafasi ya kujirekebisha. Kilicholipiwa zaidi ni kutosikia mara ya pili.

Upande wa barua pepe, Google na Yahoo nao walichoka. Tangu Februari 2024 anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima athibitishe utambulisho wake kwa SPF, DKIM na DMARC, aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja kwenye barua za matangazo, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Hiyo ni watu watatu kati ya elfu moja. Nilisikia watu wa masoko wakilia kwamba ni ukatili. Mimi naona ni huruma kupita kiasi.

Kuna kosa jingine ambalo halina mtu wa kulaumiwa na ndilo linalonisumbua zaidi huku kwetu. Nambari ya simu isiyotumika kwa muda hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine. Mfugaji anahama na mifugo kufuata malisho, laini inakaa kimya miezi, akirudi si yake tena. Lakini kwenye jedwali lako bado imeandikwa jina lake na bado imeandikwa "amekubali". Aliyekubali hayupo. Anayepokea hakukubali kitu. Orodha inaoza kama samaki, hata ukiwa hujakosea lolote, na mtu anayejisifu kwamba ana nambari elfu arobaini alizokusanya kwa miaka minane ananiambia tu ana samaki wa miaka minane.

Sasa kuhusu kuomba radhi. Utaratibu wangu ni huu, na najua wengine hawaupendi. Kama kosa ni la tahajia au picha isiyofunguka, nyamaza. Barua ya pili ya "samahani, hii ndiyo sahihi" ni usumbufu wa pili. Kama kosa limemgharimu mtu pesa, safari au heshima, waandikie walioguswa peke yao, usiwaandikie wote, na uwaambie utafanya nini kuhusu gharama yao. Ukimwambia mvuvi wa Todonyang kwamba kuna bei nzuri ya samaki Kalokol Jumanne, akapakia, akafika, ikawa ilikuwa Jumanne iliyopita, radhi ya SMS ni matusi. Mlipie mafuta.

Na kabla ya kutuma chochote, ningependa kila programu ya namna hii iwe na ubishi ndani yake. Yangu inauliza idadi: unaandika kwa vidole vyako ni watu wangapi unaotarajia kuwafikia, na kama idadi hailingani na orodha, haitumi. Kisha inatuma kwa watu hamsini na kusubiri nusu saa. Wateja huniambia ni ya polepole. Nawaambia ndiyo.

Lakini safu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya chanzo. Kila nambari iwe na maelezo: alikubali lini, mahali gani, kwa lugha gani, na aliambiwa atapokea nini. Pasipo na maelezo, haitumiwi. Mwezi uliopita niliiweka kwenye mfumo wa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya sola hapa mjini. Alikuwa ameniletea daftari zima la risiti, kurasa na kurasa za nambari, akitaka wote watumiwe tangazo la betri. Nilipomwambia kwamba kwa kanuni hii hakuna hata mmoja anayepita, alinitazama kwa muda.

"Sasa kijana wangu, hawa wote walininunulia. Nitabaki na nani?"

Nikamwambia, "Mama, wapigie uwaulize."

Nilidhani atatafuta mtu mwingine wa kumfanyia kazi, na ingekuwa haki yake. Badala yake amempa binti yake simu na kalamu, na kila jioni wanapiga chache baada ya kufunga duka. Mpaka naandika haya wamefika ukurasa wa nne. Nambari nyingi hazipatikani. Wawili wamesema hawamjui. Mmoja aliyenunua taa mwaka juzi sasa yuko Todonyang, akasema ndiyo, mwandikieni, ila kwa Kiturkana, na msimpigie alfajiri maana huwa yuko majini.